Unga Kwenye Tundu la Tasa

Waliotutangulia katika wema wametusimulia kwamba hapo kale, katika bonde moja kavu lililozungukwa na milima ya mawe meusi, aliishi mja mwema aitwaye Lubaba pamoja na mumewe, Jundubu. Hawakuwa wenyeji wa bonde lile. Jundubu alikuwa mfumaji mjini, akifuma mazulia ya jumba la liwali, na chakula chao kilitoka katika jiko la jumba hilo hilo. Kisha ikawabainikia kwamba nafaka ya liwali hukusanywa kwa mijeledi, tena kutoka katika nyumba ambamo watoto hulala na njaa. Habari hiyo ilipomfikia, Lubaba alikuwa ameshika tonge mkononi. Akalirudisha sahanini, akanawa, na chakula cha jumba lile hakikupita tena kooni mwake.

Wakahama na mkeka mmoja na jembe moja. Na kabla hawajalipiga jembe hilo ardhini, waliwekeana ahadi mbele ya Mola wao: hakitaingia kinywani mwao ila kile walichokipanda na kukivuna kwa mikono yao wenyewe.

Mwenyezi Mungu akawabariki. Kipande chao cha shamba hakikuwa kikubwa, lakini kiliwapa shayiri ya mkate, dengu za mchuzi, vitunguu na maboga. Jundubu, ambaye vidole vyake vilizoea nyuzi za hariri, alijifunza kupalilia bila kukata mizizi. Lubaba alijifunza kuzihifadhi mbegu katika majivu zisiliwe na wadudu. Chumba chao kilikuwa cha udongo, na ndani yake mlikuwa na chungu, jiwe la kusagia, bakuli la kukandia unga, tasa la shaba na mkeka. Walipofungua saumu kwa mkate uliotoka katika ardhi waliyoilima wenyewe, Lubaba alihisi utamu ambao hakuwahi kuuonja mjini.

Ikawa bakuli la kukandia unga limepasuka. Jundubu akachukua kilemba chake ili aende kwa mfinyanzi, naye Lubaba akamzuia mlangoni.

"Bwana wangu, tunaanza kukusanya vyombo tena? Tulikimbia vyombo."

"Bakuli moja tu, Lubaba. Utakandia wapi unga?"

"Lipo tasa. Donge la watu wawili litaenea humo. Latutosha."

Jundubu akakitundika kilemba chake. Moyoni Lubaba alifurahi, na katika furaha ile mlikuwa na punje ndogo ya kujiona, ambayo hakuitambua wakati ule.

Hapana budi nieleze tasa hilo lilikuwa la nini. Bonde lile halikuwa na mto, wala mvua ya kutegemewa. Lilikuwa na mfereji mmoja uliotoka chini ya mlima, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya maji. Ili mtu asimzidi mwenzake, maji yaligawanywa kwa tasa. Ni bakuli dogo la shaba lenye tundu jembamba katikati ya kitako. Mwenye zamu huliweka juu ya maji yaliyotulia katika beseni la jiwe, nalo huelea huku maji yakiingia taratibu kwa lile tundu, hata likijaa huzama na kugonga jiwe, ting! Hapo huwa limetimia tasa moja. Kila nyumba ilikuwa na tasa lake, yote yamefuliwa na fundi mmoja kwa kipimo kimoja, na kila nyumba ilijua fungu lake ni matasa mangapi. Fungu likitimia, mwenye zamu hupiga ukelele, lango la shamba lake hufungwa, na maji huenda kwa anayemfuata.

Watu wa bonde walikuwa na desturi moja: tasa la maji haliingii jikoni. Ukiwauliza sababu, walisema ndivyo walivyowakuta wazee wao. Lubaba aliisikia desturi hiyo siku za mwanzo, akaiona kuwa ni vijimambo vya watu wa shamba visivyo na asili katika dini. Basi akawa anakandia unga wake ndani ya tasa, kisha analisuuza na kulitundika ukutani.

Mwaka ule jua lilikuwa kali kuliko kawaida. Mfereji ulipungua hata kokoto za chini zikaonekana. Watu walipokutana njiani hawakuulizana tena habari za watoto, waliulizana habari za maji. Aliyewahi kusalimia kwa furaha sasa alisalimia huku akitazama miguu yako, aone kama ina tope.

Ikafika zamu ya Lubaba na Jundubu. Siku hiyo upepo ulikuwa umeinua vumbi jingi, jua halikuonekana wala kivuli, na hapakuwa na cha kupimia wakati ila tasa. Jundubu alikuwa shambani na jembe, akifungua tuta moja na kuziba jingine. Lubaba aliketi kwenye beseni la jiwe. Alikuwa na mazoea yake: tasa likianza kuelea, naye huanza nyiradi zake, na kwa miaka yote ile nyiradi zilikuwa zikiisha pale pale tasa linapozama, kana kwamba ulimi wake na maji vilifundishwa na mwalimu mmoja.

Siku ile alimaliza, na tasa likawa bado linaelea.

Lubaba alishtuka. Akajiambia, "Nafsi yangu, umemtaja Mola wako kwa pupa. Umeyameza maneno kama mtu anayekimbia mvua." Akaona haya, akaanza upya, pole pole, akilipa kila neno haki yake. Hata hivyo tasa lilichelewa. Lilipokuja kuzama akaliweka tena, nalo likachelewa tena, naye akazidi kujilaumu na kuzidi kuomba msamaha kwa ulimi wake mwepesi. Haikumpitikia hata mara moja kwamba kasoro yaweza kuwa kwenye tasa. Fungu lao lilipotimia akapiga ukelele, na Jundubu akafunga lango. Matuta yao yote yalikuwa yamelowa hadi pembeni kabisa. Jundubu akasema, "Alhamdulillahi, leo maji yana baraka." Naye Lubaba akaitikia.

Aliyefuata zamu alikuwa jirani yao wa chini, Ghanimu. Zamu yake ilikuwa ya mwisho, na ilikoma kwa adhana ya magharibi, kwani hapo mfereji hufunguliwa kwa watu wa kijiji kingine. Ghanimu alikuwa hodari wa kazi, mwenye mikono mikubwa na ulimi mkali kuliko mikono yake. Siku ile, adhana ilipolia, maji yalikuwa hayajafika hata nusu ya shayiri yake. Akasimama katikati ya matuta makavu, akapaza sauti kwamba ameibiwa.

Siku chache baadaye shayiri ya Ghanimu ilianza kujikunja majani, kisha ikapauka. Akaenda kuuchungulia mfereji ukingo kwa ukingo, hata akafika kwenye shamba la Harithu, akakuta dengu za Harithu zimesimama kijani. Hapo akaona hana haja ya kutafuta zaidi.

Harithu huyo alikuwa na jambo lake. Katika ujana wake aliwahi kuutoboa ukingo wa mfereji na kuiba maji ya watu. Alipokamatwa alikula kiapo kwamba si yeye, na matope yalikuwa bado magotini. Alikatiwa maji msimu mzima. Kisha akatubu toba ya kweli, akaoa mwanamke mwema aitwaye Safana, akawa wa kwanza msikitini na wa mwisho kutoka. Dengu zake zilikuwa kijani kwa sababu alitandaza makuti makavu juu ya matuta, ardhi isipoteze unyevu. Lakini nani angesikiliza habari za makuti? Sheria ya bonde ilikuwa wazi: mwizi wa maji hukatiwa maji mpaka mavuno, na akirudia hutolewa bondeni yeye na watu wake. Na Safana alikuwa mjamzito, siku zake zi karibu.

Mzee Qudama, msimamizi wa mfereji, akatangaza kwamba watu wakutane penye beseni la jiwe baada ya sala ya alasiri, Harithu ajibu.

Siku hiyo ya mkutano, mchana, Lubaba alilitungua tasa ukutani, kwa kuwa zamu yao nyingine ilikuwa kesho yake. Akaliinua kwenye mwanga wa mlango ili alipanguse. Alizoea kuiona nuru ikipita kwenye tundu kama nyota. Mara hii hakuona nyota. Aliona giza, na ndani ya giza lile kijinuru chembamba kama unywele.

Akaligeuza. Kwenye kitako, kuzunguka tundu, palikuwa na ukoko mkavu wa unga wa shayiri, umegandamana na shaba. Akaupitisha ukucha, usitoke.

Akaketi pale pale kizingitini. Mambo yakamjia moja baada ya jingine: nyiradi zilizoisha kabla ya maji, matuta yaliyolowa hadi pembeni, majani yaliyopauka kwa Ghanimu. Na Harithu.

Akamwita Jundubu, akamwonyesha. Jundubu alilitazama tasa kwa muda mrefu. Alikuwa mtu mwema, lakini hofu huwaingia hata watu wema. Akatazama nje, kwenye shayiri yao iliyokuwa inaanza kutoa masuke, kisha akachukua sindano ya kushonea mikeka iliyokuwa imechomekwa ukutani, akamnyoshea.

"Zibua," akasema kwa sauti ndogo. "Zibua, kisha unyamaze. Hukukusudia."

"Sikukusudia. Lakini maji tumeyachukua."

"Tutamlipa Ghanimu kwa siri. Tukivuna, tutampelekea shayiri, hata nusu, hata zaidi. Mola ni Msitiri wa aibu, Lubaba. Yeye amesitiri, wewe wataka kufunua?"

Lubaba aliishika ile sindano. Ncha yake ilikuwa imeingia kwenye tundu tayari, na ukoko ulikuwa umeanza kulegea. Kusukuma kidogo tu, nyota ingeonekana tena, na hakuna mwanadamu ambaye angejua.

"Na Harithu?" akauliza.

Jundubu akageuza uso kuelekea shambani.

"Mola ametusitiri ili tutubu, bwana wangu, au ametusitiri ili Harithu abebe?"

"Tukisema, tutakatiwa maji! Shayiri ile itakufa ikiwa na masuke. Tutakula nini? Wewe na mimi tuliahidi. Hatuwezi kugusa cha mtu. Wataka tuivunje ahadi yetu na Mwenyezi Mungu, au wataka tufe?"

"Ahadi yetu ilikuwa nini?" akasema Lubaba, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Tulikimbia mkate wa liwali kwa kuwa ndani yake mlikuwa na haki ya watu. Leo haki ya watu imo ndani ya shayiri yetu sisi. Tofauti ni kwamba hii nimeikanda mwenyewe."

Kabla Jundubu hajasema neno, walisikia kelele kutoka upande wa mfereji. Alasiri ilikuwa haijaadhiniwa. Ghanimu hakungoja, alikuwa ameshamtoa Harithu nyumbani kwake, na watu walikuwa wanakusanyika.

Lubaba akaichomoa sindano, akairudisha ukutani. Akalifunika tasa kwa ncha ya mtandio wake, polepole kama mtu aliyebeba yai, ule ukoko usidondoke. Kisha akatoka akikimbia.

Alipofika alikuta watu wamelizunguka beseni la jiwe. Harithu alisimama katikati bila kilemba, kwa maana kilikuwa kimeanguka katika vuta nikuvute. Safana alikuwa ameketi chini, mkono mmoja tumboni. Mzee Qudama alikuwa amefika mbio na fimbo yake, anawataka watu watulie.

"Harithu," akasema, "utakula kiapo?"

"Nitakula, sheikh. Wallahi sikugusa ukingo. Sikugusa maji ya Ghanimu."

Ghanimu akacheka kwa sauti. "Sikieni! Kiapo cha Harithu! Kile cha kwanza bado tunakikumbuka, au mnasemaje? Aliapa na matope yalikuwa magotini. Leo ameosha magoti, basi amekuwa walii!"

Baadhi ya watu wakacheka. Mtu mmoja akasema mtoeni tu, mwingine akasema afadhali atoke kabla mkewe hajajifungua, watoto wasizidi. Harithu aliwatazama hao waliosema. Akasema tu, "Mola wangu anajua, na mimi nangoja." Ndipo Lubaba alipojua kwamba mtu yule hakuwa na silaha yoyote duniani isipokuwa lile tasa lililofunikwa chini ya mtandio.

Akapenya kati ya watu.

"Sheikh Qudama, muache. Maji ya Ghanimu yako kwangu."

Ghanimu akacheka tena.

"Bibi wa mfumaji! Na wewe umetoboa ukingo? Kwa jembe gani, lile la kuchimbia vitunguu? Rudi nyumbani, mama. Huruma ni jambo zuri, lakini haimwagilii shayiri."

"Si huruma. Lete tasa lako, Ghanimu."

"La nini?"

"Lete. Na langu hili hapa. Yawekwe pamoja."

Mzee Qudama akaashiria kwa fimbo. Ghanimu akalitoa tasa lake kwa dharau, nalo la Lubaba likafunuliwa. Mzee akayashika yote mawili, akayaweka juu ya maji kwa wakati mmoja, na watu wakainama.

Matasa yalielea bega kwa bega kama ndugu wawili. Maji yakaanza kuchipuka katika tasa la Ghanimu, yakapanda, yakafika katikati. Katika tasa la Lubaba palikuwa na unyevu tu, kama jasho. Lubaba aliutazama ule unyevu, na ndani yake zilipigana sauti mbili: moja ikiomba ukoko ule ushike, Harithu aokoke, nyingine, dhaifu na yenye aibu, ikiomba uyeyuke. Hakuinyamazisha hiyo ya pili kwa nguvu zake, bali kwa kulitaja jina la Mola wake.

Tasa la Ghanimu likajaa, likayumba, likazama. Ting!

Tasa la Lubaba likaendelea kuelea.

Hakuna aliyeondoka. Walingoja hata baadhi yao wakachoka kuinama, wakachuchumaa. Hatimaye nalo likazama, na Mzee Qudama akalichukua, akaliinua kwenye jua, akapitisha ncha ya kidole kwenye kitako. Akanusa.

"Unga," akasema. "Tasa la maji liliingia jikoni."

"Liliingia," akajibu Lubaba. "Bakuli letu lilipasuka, nami nikaona fahari kutokuwa na jingine. Desturi yenu niliisikia, nikaidharau. Harithu hana kosa. Nilikalia beseni hili, tasa likachelewa, nikadhani ni uchache wa unyenyekevu wangu. Kumbe nilikuwa namtaja Mola wangu huku nakunywa maji ya jirani."

Ghanimu hakucheka tena. Uso wake uliiva. "Shayiri yangu imekufa nusu," akasema, na sauti yake ilipasuka kama ya mtoto. "Unasikia, mama? Nusu! Unga! Kwa ajili ya donge la unga!" Kisha akamgeukia Mzee Qudama. "Sheria ni sheria. Au sheria ni ya Harithu peke yake?"

Jundubu alikuwa amefika. Watu wakampisha, wakidhani atamtetea mkewe au atamkana. Akaenda akasimama kando yake, akasema, "Sheria ni yetu pia. Lango nililifungua mimi."

Basi Mzee Qudama akahukumu kwamba zamu ya Lubaba na Jundubu iende kwa Ghanimu mpaka mavuno. Akamwokotea Harithu kilemba chake, akakipangusa vumbi, akamvika kwa mikono yake mwenyewe mbele ya watu wote. Wale waliocheka wakainamisha vichwa. Ghanimu alimtazama Harithu, akaondoka.

Shayiri ya Lubaba ilikufa, kama Jundubu alivyosema, ikiwa na masuke. Waliitazama ikipauka siku hadi siku huku maji yakipita kando ya ukuta wao kwenda kwa jirani, na sauti ya maji hayo ilikuwa mtihani mkubwa kuliko njaa. Dengu za akiba zikapungua, vitunguu vikaisha, wakabaki na maboga yaliyokauka. Jundubu alikonda. Hakumlaumu mkewe hata kwa jicho. Lubaba alikuwa akisema, "Subira, bwana wangu," kisha anageuka upande wa ukuta ili asimwone anavyolia.

Ndipo siku moja asubuhi akaja Harithu na Safana, mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake na mkate wa moto mikononi mwa Harithu. Lubaba akawakaribisha, akambeba mtoto, akamwombea. Mkate hakuugusa.

"Mama, nimesikia habari za ahadi yenu," akasema Harithu. "Basi mkate huu tutaula sisi, mtusamehe tukitafuna mbele yenu." Safana akamkanyaga mguu, wakacheka wote, na ilikuwa mara ya kwanza kwa nyumba ile kusikia kicheko tangu siku ya tasa. Kisha Harithu akasema, "Lakini nina matuta yaliyobaki wazi, na nina maji ya zamu yangu. Nina makuti pia. Chukueni jembe lenu, mje mlime kwa mikono yenu, mpande mbegu zenu, mvune wenyewe. Je, hicho nacho kitakuwa cha mtu?"

Jundubu alimtazama Lubaba. Lubaba akatikisa kichwa kwamba la, hakitakuwa.

Wakapanda dengu na mboga za kuwahi kukomaa. Mbegu zilizohifadhiwa katika majivu zote ziliota. Hawakushiba msimu ule, lakini hawakufa, wala ahadi yao haikuvunjika.

Baada ya mavuno Ghanimu alisimama mlangoni kwao. Maji ya zamu mbili yalikuwa yameiokoa shayiri yake iliyosalia, na mabega yake yalikuwa na vumbi la kupura. Chini ya kwapa alishika kitu kilichofungwa kwa jani la mtende. Hakusalimia kwa urefu. Akakiweka kizingitini, akakifungua: lilikuwa bakuli jipya la udongo, kubwa, zito, lililochomwa vizuri.

"Nimetoka kwa Harithu kumwomba radhi," akasema, akitazama pembeni. "Nikaona na hapa nipite. Chukua, mama. Kandia unga humu. Na lile la shaba liache ukutani, maana mimi ndiye ninayekufuata kwa zamu."

Jundubu akakohoa kuficha kicheko. Lubaba aliliinua lile bakuli kwa mikono miwili. Chumbani mwao kukawa na chombo kimoja zaidi, na hakuona kwamba kimempunguzia kitu mbele ya Mola wake.

Tangu msimu ule, kila alipokwenda kwenye beseni, kwanza alimwita Ghanimu. Aliliinua tasa kuelekea jua, Ghanimu akafumba jicho moja, akachungulia tunduni. Na Lubaba hakuanza nyiradi zake mpaka Ghanimu aseme, "Naiona nuru."

Basi, enyi wapendwa katika imani, kulima chakula chako mwenyewe ni jambo jema, na kuishi na vichache ni jambo jema. Lakini maji yanayoipita ardhi yako yana mwingine anayeyangoja huko chini. Tumuombe Mwenyezi Mungu asitujaalie uchamungu wa kutufurahisha sisi wenyewe huku jirani anakauka, na siku kosa letu litakapombebesha mwingine mzigo, atupe miguu ya kukimbia kwenda kusema.